Gereza Halichagui Wageni: Fedha za Jela za Pwani Zinavyoombwa

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kina jedwali fupi ambalo wengi wetu hatujawahi kulisoma. Mtu akitozwa faini isiyozidi shilingi 500 na asiilipe, anaweza kufungwa hadi siku 14. Faini ikizidi 500 lakini isipite 2,500, kifungo chake hakizidi mwezi mmoja. Kutoka hapo hadi 15,000 ni miezi mitatu, hadi 50,000 ni miezi sita, na juu ya hapo ni mwaka. Sasa mchukue kijana wa Marafa au wa Ganze aliyekamatwa akiuza pombe bila leseni. Ametozwa 10,000 na mfukoni hana kitu. Kwa muda wote atakaokaa ndani, serikali itamlisha, itamvalisha, itamlinda usiku na mchana, na akishikwa na malaria itampeleka hospitali. Gharama hiyo haimo kwenye hukumu, na hakimu halazimiki kuiandika. Atakayeibeba ni mkuu wa gereza, ambaye hakuulizwa.

Hapa ughaibuni, kila picha za mahabusu waliobanana zinapotufikia kwenye simu, watu hulalama kwamba serikali haina fedha au kwamba fedha zimeliwa. Yote mawili yawezekana kwa sehemu. Lakini Idara ya Serikali ya Huduma za Urekebishaji, inayosimamia magereza na probesheni nchini kote, hutengewa zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Mimi ninataka tujue fedha hizo huombwaje, na kwa nini anayeziomba hana uwezo wa kuamua ni watu wangapi watalala kwake.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo hata baadhi ya wanasiasa wetu hulifanya majukwaani. Gereza la Malindi, la Kilifi, na Shimo la Tewa kule ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari wa Mtwapa, hayako chini ya gavana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziacha huduma za urekebishaji kwa serikali ya kitaifa. Afya ndiyo iliyoshuka kaunti. Kwa hiyo mfungwa akiwa mzima ni mzigo wa Nairobi. Akilazwa Malindi au katika Hospitali ya Rufaa ya Kilifi, dawa na kitanda vinakuwa vya kaunti, huku askari jela wanaomlinda pale wodini wakiendelea kulipwa na Nairobi. Ukimwandikia mwakilishi wa wadi wako kuhusu magodoro ya jela, barua itapokewa kwa heshima zote na haitakwenda popote.

Sasa tulifuate ombi lenyewe. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini safari ya bajeti huanza karibu miezi kumi kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamtaka waziri wa fedha atoe waraka kufikia Agosti 30, akieleza ratiba na masharti ya kuandaa makadirio. Hapo kila kituo huorodhesha mahitaji yake: unga, maharagwe, kuni, sabuni, sare, mafuta ya lori la mahakamani, paa linalovuja. Orodha hizo hupanda ngazi hadi makao makuu ya magereza Nairobi, zikaunganishwa, kisha idara hukaa na wenzake wa sekta ya utawala, haki, sheria na utulivu. Humo magereza hugombea fungu moja na polisi, Mahakama, waendesha mashtaka na wengineo. Mnajua wenyewe nani hutoka na kipande kikubwa. Polisi wanaonekana barabarani, jela iko nyuma ya ukuta.

Kinachofuata ndicho kiini cha mambo. Hazina ya Taifa huweka ukomo kwa kila sekta, na ukomo huo huthibitishwa na Taarifa ya Sera ya Bajeti inayofika Bungeni kufikia Februari 15. Kwa lugha nyingine, jibu hutolewa kabla ombi halijasomwa hadi mwisho. Makadirio kamili huwasilishwa Bungeni si chini ya miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia Aprili 30, lakini wakati huo ni nadra fungu kuongezeka sana. Linalobaki ni kuhamisha hapa na kupeleka pale.

Ndani ya fungu lenyewe, mishahara hula sehemu kubwa zaidi, na haiguswi. Sisemi haistahili. Aprili 2008 askari jela waligoma kwa sababu ya malipo na makazi mabovu, na kamati iliyochunguza iliongozwa na mtu wa Pwani, Meja mstaafu Marsden Madoka wa Taita. Miaka kumi na tano baadaye jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likarudia kilio kile kile kuhusu polisi, magereza na vijana wa huduma kwa taifa, na nyongeza ya mishahara ikaanza kulipwa kwa awamu kuanzia Julai 2024. Ila kila shilingi inayokwenda kwenye mshahara bila ukomo wa idara kupanda inatoka kwenye unga na dawa. Baada ya Muswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa kufuatia maandamano ya Juni, Hazina ilipunguza matumizi ya serikali. Katika hali kama hiyo mshahara hauna pa kukatwa, kwa hiyo kinachokatwa ni kile kinachofika kwenye sahani.

Hata bajeti ikishapitishwa, fedha hazijafika. Mdhibiti wa Bajeti lazima aidhinishe kila utoaji kutoka mfuko mkuu wa serikali, Hazina iwe na fedha siku hiyo, kisha kituo kipate idhini ya kutumia, ile karatasi ambayo maofisa wote huiita AIE. Ikichelewa, wafungwa hawaambiwi wasile. Mkuu wa gereza hupiga simu kwa mwenye mboga na mwenye maharagwe na kuwaomba walete, watalipwa. Ndivyo malimbikizo ya madeni yanavyozaliwa. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko, kuchambua madeni ya wizara na idara zote ambayo baadhi yalikuwa ya tangu 2005. Mfanyabiashara mdogo anayechukua zabuni ya kuuzia taasisi ya serikali hukopa ili apeleke bidhaa, na riba haiingojei kamati. Ukisikia jamaa yako amekataa zabuni ya jela ambayo wengine wanaitamani, usimwite mvivu.

Je, kuna wakati fedha zilikuja haraka? Zilikuja, na ni hapo hapo kwetu. Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009 Kenya ilikubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kupokea washukiwa wa uharamia waliokamatwa na manowari zao katika bahari ya Somalia. Zaidi ya washukiwa 100 walifikishwa Mombasa na kuwekwa Shimo la Tewa. Kupitia ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, wafadhili waligharimia ukarabati wa gereza, na Juni 2010 ukumbi wa mahakama wenye ulinzi mkali ukafunguliwa pale pale Shimo la Tewa. Mwaka huo huo Kenya ilivunja makubaliano hayo, ikilalamika kwamba imeachiwa mzigo mzito. Ukuta ukipakwa rangi na mfadhili, chakula cha aliye ndani, mshahara wa anayemlinda na mafuta ya gari linalompeleka kortini hubaki kwa mlipa kodi wa Kenya, mwaka baada ya mwaka. Ni ombi lililojibiwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ya kudumu.

Kisha ikaja Shakahola. Aprili 2023 miili ya wafuasi wa dhehebu lililohimiza kufunga hadi kufa ilianza kufukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, na idadi ikapita 400. Hakuna aliyekuwa ameandika jambo kama hilo katika makadirio ya mwaka ule. Mhubiri Paul Mackenzie na washtakiwa wenzake zaidi ya 90 walikana mashtaka, na kesi zikagawanyika kati ya Malindi na Mombasa. Barabara ya kutoka Shimo la Tewa hadi Malindi ni karibu kilomita 100, na kila kikao ni lori, mafuta, askari na chakula cha njiani. Juni 2023 hata waliookolewa, watu 65 waliokuwa wamekataa kula, walishtakiwa kwa kujaribu kujiua na mahakama ikaamuru wapelekwe Shimo la Tewa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha kujaribu kujiua kinakiuka Katiba. Angalieni jinsi upepo wa sheria unavyoweza kujaza jela na kuipunguza, huku mkuu wa gereza akisoma habari hizo gazetini kama mimi na wewe.

Kwa dharura kama hizo Katiba ina Ibara ya 223. Serikali inaweza kutumia fedha ambazo Bunge halikuzitenga, mradi zisizidi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa mwaka huo, na iombe kibali cha Bunge ndani ya miezi miwili. Hapo ndipo bajeti ya ziada hutokea. Lakini bajeti ya ziada ni upanga wenye makali mawili, kwani idara iliyotegemea kuongezewa huweza kujikuta imepunguziwa.

Narudi kwa kijana wa Marafa, maana yeye ni wengi. Magereza ya Kenya huwa na watu wapatao 60,000, takribani mara mbili ya uwezo wa majengo, na karibu wawili kati ya kila watano hawajahukumiwa. Ni mahabusu. Kwetu Kilifi wamo waliokosana na wenye mashamba wasiowahi kuonekana, watu waliozaliwa juu ya ardhi ambayo karatasi yake iko mikononi mwa mwingine. Ibara ya 49 inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, na kwa makosa mengine apewe dhamana ila kukiwa na sababu nzito. Tatizo ni kwamba dhamana ya shilingi 50,000 kwa mvuvi wa Ngomeni ni sawa na kunyimwa dhamana.

Kuna njia nafuu ambayo imo ndani ya idara ile ile. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kumpa mtu kifungo cha nje kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka mitatu. Afagie hospitali, apande mikoko, alale kwake. Afisa wa probesheni ndiye huandika ripoti na kumfuatilia. Ila afisa huyo naye anahitaji pikipiki na mafuta, na fungu la probesheni ni dogo mno likilinganishwa na la magereza. Ndugu zetu walioko Houston na Dallas wanaishi katika jimbo lililolifanya jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 2007 Texas ilitabiriwa kuhitaji nafasi mpya za wafungwa zipatazo 17,000. Wabunge Jerry Madden na John Whitmire, mmoja wa Republican na mwingine wa Democrat, wakashawishi wenzao watenge dola milioni 241 kwa matibabu na usimamizi wa nje badala ya kukimbilia kujenga. Utabiri ule haukutimia, na baadaye Texas ikaanza kufunga baadhi ya magereza yake. Texas si Kilifi, najua. Lakini hesabu ni ile ile: ukitaka kupunguza gharama ya jela, shilingi uiweke kabla ya mlango wa jela.

Walioko Muscat wanajua mpango wa Fakk Kurba wa Chama cha Mawakili cha Oman, unaochangisha ili waliofungwa kwa madeni watoke. Kenya nayo sheria inasema kifungo cha kushindwa kulipa faini hukoma mara faini inapolipwa. Chama chochote chetu chenye mfuko kinaweza, kupitia wakili au shirika la msaada wa kisheria nyumbani, kuuliza ni nani wamekwama kwa faini ndogo. Nisingependa tuache kutuma magodoro na sodo kwa kina mama wa gereza la wanawake. Tutakapotuma, tudai risiti na yaingizwe kwenye vitabu vya kituo, kwa sababu msaada usioandikwa huifanya Hazina iamini mahitaji yalikuwa madogo kuliko yalivyo.

Na kuhusu kusikika, mlango upo. Ibara ya 221 ya Katiba inaitaka kamati ya Bunge isikilize wananchi kabla ya makadirio kupitishwa, na hakuna mahali pameandikwa kwamba mwananchi lazima awe Kenya siku hiyo. Kila mwaka, baada ya Aprili 30, Karani wa Bunge la Taifa hutangaza magazetini na kwenye tovuti kwamba maoni yapokewe kwa mkono au barua pepe. Fungu la idara hii ni namba 1023. Kamati yake ni ya Utawala na Masuala ya Ndani. Maoni yenye nguvu si ya kurasa kumi za huzuni. Idara iulizwe mambo mawili matatu yanayopimika: mahabusu wangapi wa Malindi na Kilifi wamekaa zaidi ya mwaka, deni la wauzaji wa chakula wa vituo hivyo ni kiasi gani, na probesheni ya Kilifi imepewa nini mwaka huu ikilinganishwa na uliopita. Isipojibu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la mwananchi.

Nyumbani nako, Malindi na Kilifi zina kamati za watumiaji wa mahakama, ambapo hakimu, polisi, mwendesha mashtaka, magereza na probesheni hukaa meza moja na wawakilishi wa jamii. Hapo ndipo idadi ya mahabusu inaweza kupunguzwa bila shilingi hata moja kutoka Nairobi, faili kwa faili. Mwenye jamaa anayehudhuria vikao hivyo amwambie achukue namba hizo na azitume kwetu kabla ya Mei, kwa sababu tangazo la Bunge likitoka muda wake huwa mfupi.