Mpe Mtoto Povu, Kisha Mpe Chupa

Mzazi akinunua povu la kufinyanga kwa mara ya kwanza, mara nyingi hulichukulia kama udongo. Humkalisha mtoto mezani na kumwambia atengeneze tembo. Muda si mrefu miguu imelegea, tumbo limegusa meza, na mtoto anasukuma kila kitu pembeni akisema hawezi. Anaweza sana. Alichokosa ni mchezo unaoendana na povu.

Ukifungua kopo utakuta chembe ndogo za mviringo za polisterini, jamii ya lile povu jeupe linalozunguka televisheni mpya ndani ya boksi, zimeshikanishwa kwa gundi. Sehemu kubwa ya kila chembe ni hewa, ndiyo maana kopo zima ni jepesi mkononi. Ziko aina mbili. Moja hutumia gundi ya maji kama ile nyeupe ya shuleni. Ukiiacha wazi kwa siku moja hivi, maji hukauka na umbo hushika. Nyingine haikauki, hivyo mtoto huifumua na kuifinyanga upya kesho yake. Soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Mtoto aliyeahidiwa kwamba jumba lake litadumu, akalikuta limebomoka, huumia kweli.

Kila kitu cha kufinyanga kina tabia yake. William Harbutt, mwalimu wa sanaa katika mji wa Bath, Uingereza, alibuni plastisini mwaka 1897 kwa sababu alitaka wanafunzi wake wapate udongo usiokauka. Watoto wa wafugaji wetu hufinyanga ng'ombe kwa udongo wa bondeni, na ng'ombe wale husimama kwa kuwa udongo ni mzito na unashikana. Povu bichi halijibebi. Linataka kiunzi.

Hapo ndipo chupa tupu ya maji inapoingia. Ilaze, bandika vizibo vinne viwe miguu ya tembo, kisha mwache mtoto aivishe povu kidogo kidogo. Tazama mkono wake: anachuna kipande kwa ncha za vidole viwili na gumba, anakibandika, halafu anakisukuma kwa gumba kutoka katikati kwenda pembeni mpaka plastiki isionekane. Vidole hivyo vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli. Ndiyo maana mimi huwasihi wazazi wasimalizie kazi ya mtoto ili ipendeze. Sikio lililopinda lina faida kubwa kuliko lililonyooshwa na baba.

Rangi nazo zina mambo yake. Ukikanda plastisini nyekundu na ya njano unapata rangi ya chungwa, na ukiongeza rangi zote unaishia na tope. Katika povu la chembe, kila chembe hubaki na rangi yake. Changanya nyekundu na njano, weka mbali, jicho litaona chungwa. Sogea karibu, utaona nukta. Mchoraji Mfaransa Georges Seurat alijenga picha nzima kwa njia hiyo miaka ya 1880. Mtoto wa miaka sita anaweza kuijaribu kwa kutengeneza kanga ya kadibodi: pindo pande zote nne, mji katikati, na korosho kwenye pembe.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa beseni. Finyanga donge la plastisini na donge la povu lililokauka, ukubwa sawa. Kabla ya kuyatia majini, mwulize mtoto lipi litazama, na umwache ajibu kwa sababu zake. La plastisini litazama. Sasa mwambie alitandaze lile la plastisini liwe kama bakuli: litaelea, maana sasa linasukuma maji mengi zaidi. Kisha atengeneze ngalawa, mwili wa plastisini, na yale maboya mawili ya ubavuni ya povu, yakishikwa na vijiti vya mishikaki. Apakie kokoto moja moja na ahesabu. Mtoto wa pwani ataeleza haraka kwa nini ngalawa haipinduki. Wa bara atagundua mwenyewe akitoa boya la upande mmoja.

Walio chini ya miaka mitatu wasipewe povu hili. Chembe huingia puani na masikioni, na kipande kikimezwa vibaya huziba koo. Wakandieni unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja na maji kimoja, nao wacheze mbele ya macho yenu wasije wakaula, kwani chumvi yake ni nyingi.

Mchezo wa majini usiwe mrefu, kwa sababu gundi ya maji hulainika tena ikilowa. Na maji ya beseni yapitisheni kwenye chujio la chai kabla ya kuyamwaga. Polisterini haiozi, chembe zinazopita kwenye mfereji hufika baharini au ziwani, na samaki huzimeza wakidhani ni chakula.