Umeme Ukikatika Wakati wa Kipupwe

Milimani Makete, kati ya Juni na Agosti, baridi hugandisha hata umande. Umeme ukikatika usiku, wengi wetu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa uliokolea, hata kama hauna moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Aliyelala huenda asiamke. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Msidhani ni malaria: malaria haiwashiki watu wote wa nyumba kwa saa moja! Watoeni nje upesi, kisha wapelekeni hospitali. Jiko libaki nje; vaeni soksi na kofia, mwongeze blanketi.