Tamasha la afya Eldoret: Miguu yenye nguvu haitoshi ikiwa nyumbani hakuna amani

MTU akitaja Eldoret, wengi hukumbuka mambo mawili: riadha na maziwa ya mursik anayonyweshwa bingwa anaporejea nyumbani. Mji huu wa Kaunti ya Uasin Gishu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024 na kuwa wa tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, umelea mabingwa wa dunia kwa zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo, sifa hiyo ya mbio inamfaidi vipi mama anayeketi kutwa sokoni akiuza mboga? Inamsaidia nini mwendeshaji bodaboda ambaye hatembei hata hatua mia kwa siku, au mtoto anayetoka shuleni na kukaa mbele ya runinga hadi usiku?

Wataalamu wa afya ya jamii wana jibu moja kwa maswali hayo: tamasha la afya linalowakusanya watu wa nyumba moja, wazee kwa watoto, ili wafanye mazoezi, wapimwe, wale chakula bora na wazungumze kuhusu namna wanavyoishi. Eldoret tayari ina mbegu ya tamasha kama hilo katika siku zake za mbio. Historia yake ya karibuni, yenye machungu, inaonyesha pia ni jambo gani lisilopaswa kuachwa nje ya ratiba.

Maana ya tamasha la afya

Katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, inaeleza kwamba afya si kukosa ugonjwa pekee, bali ni hali ya mtu kuwa salama kimwili, kiakili na kijamii. Maelezo hayo ndiyo msingi wa matamasha ya aina hii popote yanapofanyika.

Tamasha hutofautiana na mashindano, kwa kuwa katika mashindano wachache hukimbia na wengi hutazama. Hutofautiana pia na kambi ya matibabu, ambako mgonjwa hupanga foleni, hupewa dawa na kurudi kwake. Katika tamasha kila aliyefika ana la kufanya: babu anatembea, mama anapimwa shinikizo la damu, watoto wanaruka kamba, na vijana wanaketi na mshauri kuzungumzia yanayowasumbua.

Lengo ni kumfundisha mtu kuishi kwa kujitambua. Maana yake ni kujiuliza kila siku: nimekula nini, nimelala saa ngapi, nimetumiaje fedha zangu, na nilipokasirika jana nilimtendea nini mwenzangu? Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini maradhi mengi na ugomvi mwingi wa nyumbani huanza pale yanapokosa kuulizwa.

Wenzetu wamefanya nini?

Jirani zetu wa Rwanda wametoa mfano mzuri. Tangu mwaka 2016, jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara zake siku ya Jumapili asubuhi ili magari yasipite. Wakazi hujitokeza na watoto wao kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Penye vituo vya kukusanyikia, wahudumu wa afya huwapima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Mpango huo ulianza kwa siku moja kila mwezi, na baadaye ukaongezwa kuwa mara mbili.

Nchini Uingereza, watu 13 walikutana katika bustani ya Bushy Park, London, Oktoba 2, 2004 na kukimbia kilomita tano bila kulipa chochote. Mkutano huo mdogo ndio ulioanzisha mbio za parkrun ambazo leo hufanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi. Mshindi hapewi zawadi, na anayetembea kwa mkongojo hupokewa sawa na anayekimbia.

Katika miji yote miwili, uhai wa shughuli hizo umetokana na kurudiwa mara kwa mara, hata watu wakaizoea kama wanavyozoea siku ya soko. Tamasha la mara moja kwa mwaka hukumbukwa kwa picha, ilhali mazoea ya kila wiki ndiyo yanayobadilisha mwili.

Mbegu iliyopo Eldoret

Eldoret haihitaji kuanza na mkono mtupu. Hapa ndipo alipojenga maisha yake mzee Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Mexico mwaka 1968 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972. Yeye na mkewe Phyllis wanajulikana vilevile kwa kuwalea watoto mayatima, kazi inayokumbusha kwamba bingwa anaweza kuwa mzazi wa jamii.

Mwaka 2018 zilianzishwa mbio za Eldoret City Marathon, zikiongozwa na Moses Tanui, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1991 na mshindi wa Boston Marathon miaka ya 1996 na 1998. Zawadi ya shilingi milioni 3.5 kwa mshindi ilizipa mbio hizo sifa kubwa. Kwa mkazi wa kawaida, hata hivyo, faida nyingine ni kwamba mbio za barabarani hupita mlangoni pake. Hahitaji tiketi ili asimame kando ya njia na mwanawe, amwone bingwa kwa macho yake na kupata hamu ya kukimbia.

Kuna pia mbio za nyika za Lobo, kijiji kilicho nje kidogo ya jiji katika eneo la Kapseret. Februari 12, 2022, wanariadha walikusanyika huko katika mbio za kimataifa zilizopewa jina la marehemu Agnes Tirop. Februari 2023 na Februari 2024, uwanja huohuo ulikuwa mwenyeji wa mbio za Sirikwa Classic. Katika mbio za nyika mtazamaji husimama hatua chache tu kutoka kwa mkimbiaji, na ni rahisi kwa siku kama hiyo kugeuka kuwa mandari ya familia nzima.

Somo la Agnes Tirop

Jina la Tirop ndilo linaloeleza kwa nini siku ya afya haiwezi kuwa ya miguu pekee. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 19, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mjini Guiyang, China. Alishinda medali za shaba za mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017 na Doha mwaka 2019. Septemba 12, 2021, huko Ujerumani, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, akitumia dakika 30 na sekunde moja.

Mwezi mmoja na siku moja baadaye, Oktoba 13, 2021, alikutwa ameuawa nyumbani mwake Iten kwa kuchomwa kisu. Alizikwa Oktoba 23, siku ambayo angetimiza miaka 26.

Hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingemwona Tirop kuwa mgonjwa. Moyo wake, mapafu yake na miguu yake vilikuwa miongoni mwa vyenye nguvu zaidi duniani. Kilichokosekana kilikuwa usalama ndani ya nyumba, ile sehemu ya tatu ya afya iliyotajwa mwaka 1948 ambayo mara nyingi husahauliwa.

Wanariadha wenzake, wakiwemo Viola Cheptoo na Joan Chelimo, waliungana na jamaa zake kuanzisha kikundi cha Tirop's Angels. Kikundi hicho huwasaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia na kuwaelimisha vijana kuhusu dalili za uhusiano wenye hatari.

Msiba haukukoma hapo. Agosti 11, 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris. Septemba 1 alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia. Alikimbizwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi (MTRH), Eldoret, na kufariki Septemba 5.

Visa hivi si vya wanariadha tu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhulumiwa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Hiyo ni mmoja katika kila watatu. Katika umati wa wanawake 300 wanaoshangilia kando ya barabara siku ya mbio, yamkini mia moja wana kisa ambacho hawajamsimulia mtu.

Siku ya familia ipangwe vipi?

Tamasha linalofaa lina sehemu nne zinazokamilishana.

Ya kwanza ni mwendo. WHO hupendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Watoto wa miaka mitano hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa hiyo matembezi ya kilomita mbili au tatu kando ya mto Sosiani yana thamani kubwa kwa familia kuliko marathoni ambayo baba peke yake ndiye anayeweza kuikamilisha.

Ya pili ni vipimo. Shinikizo la damu likifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kwa vipimo vya siku tofauti, linahesabiwa kuwa la juu. Ugonjwa huu hauna maumivu kwa miaka mingi, na ndiyo sababu wengi huugundua baada ya kupata kiharusi. Dakika tano chini ya hema zinaweza kumwepusha mzee na kitanda cha hospitali.

Ya tatu ni chakula. Badala ya vibanda vya soda na viazi vya kukaanga, akina mama wa vikundi wanaweza kuonyesha namna ya kupika mnavu na mgagani bila kuziharibu mboga, ugali wa wimbi, maharagwe na mursik. Watoto wakionja vyakula hivyo katika siku ya furaha, hawatavikataa nyumbani.

Ya nne, na iliyo ngumu zaidi, ni mazungumzo. Hapa panahitajika hema tulivu, lililo mbali kidogo na vipaza sauti, lenye washauri waliofunzwa. Wanaume nao wawe na kikao chao, kwa sababu wengi wamelelewa kuamini kwamba kulia ni aibu, na hasira isiyo na pa kusemewa huishia kwa mke na watoto.

Jambo jingine linalohitaji lugha ya upole ni mawazo ya kujiua. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujitoa uhai ni kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji tabibu na sikio la kumsikiliza.

Tahadhari

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mgeni kutoka Mombasa au Lamu asishindane na wenyeji siku anayoshuka kwenye gari, bali atembee taratibu na kunywa maji ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kukimbia.

Watoto wakimbie masafa mafupi kwa michezo. Mzazi anayemlazimisha mtoto wa miaka kumi kufanya mazoezi ya mtu mzima ili awe bingwa upesi humwumiza mwili na kumchosha roho kabla ya wakati.

Waandaaji nao wasiwaweke waathiriwa jukwaani ili wasimulie yaliyowapata mbele ya umati. Siri ya mtu ihifadhiwe. Wasitangaze ushauri ambao hautakuwepo Jumatatu asubuhi tamasha likiisha, kwani anayefungua moyo wake kisha akakosa wa kumfuatilia huumia mara mbili.

Baada ya mahema kung'olewa

Tamasha hupimwa kwa yanayofuata. Je, majirani waliotembea pamoja watakutana tena wiki ijayo? Je, mzee aliyeambiwa shinikizo lake liko juu amekwenda kliniki? Je, msichana aliyezungumza na mshauri anajua pa kukimbilia usiku?

Kwa swali hilo la mwisho, nambari 1195 hupokea bila malipo simu za dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya kuwasaidia watoto. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 humruhusu aliyetishiwa kuomba mahakama amri ya kumlinda, hata kama anayemtisha ni mume au mke wake wa ndoa. Nambari hizo na haki hiyo zinastahili kuandikwa kwenye bango lilelile linalotangaza saa ya kuanza kwa mbio, kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila anayefika na mwanawe mkononi ataziona.