Faili Haijipanui: Kuhusu Usimamizi wa Nafasi katika Hifadhidata

Makala haya yanadhamiria kufafanua suala ambalo kwa kawaida huachiwa wanafunzi wa tarakilishi, ilhali linatuhusu sisi wa Kiswahili kadiri tunavyozidi kuhifadhi ngano, methali na istilahi katika hifadhidata za kimahusiano. Hifadhidata hizi, ambazo msingi wake wa kinadharia uliwekwa na E. F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka wa 1970, hupanga taarifa katika majedwali. Mtumiaji huona majedwali tu. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa data ya jedwali kwa kawaida hukaa ndani ya faili, nayo faili ndani ya diski yenye ukubwa maalumu.

Tuchukue mfumo wa Oracle. Msimamizi anapounda faili ya data huipa ukubwa wa kuanzia, tuseme megabaiti 500. Nafasi hiyo ikijaa, na pasiwe na ruhusa ya kuiongeza, mfumo hukataa safu mpya na kutoa ujumbe wa kosa kama vile ORA-01653. Yaliyokwisha kuhifadhiwa hayapotei, ila agizo lililokuwa likiendelea hubatilishwa. Kwa mtafiti anayeingiza masimulizi ya mwaka mzima wa nyanjani kwa mkupuo mmoja, hiyo si adha ndogo. Ndipo lilipobuniwa agizo la AUTOEXTEND, linalouruhusu mfumo kuongeza ukubwa wa faili kila inapojaa.

Aghalabu husemwa kwamba faili yenye ruhusa hiyo "hujipanua". Kwa maoni yangu, usemi huu unapotosha. Kiambishi -ji- hudokeza kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja, kana kwamba faili ina hazina yake yenyewe. Ukweli ni kuwa faili hupanuliwa: mfumo ndio unaoipanua, kwa idhini ya msimamizi, na diski ndiyo inayogharimika. Kauli ya kutendwa hutulazimisha kuuliza hupanuliwa kwa kiasi gani, na hadi wapi.

Kuhusu kiasi, SQL Server ya Microsoft inatoa funzo zuri. Kabla ya toleo la 2016, faili ya data iliongezwa megabaiti 1 kwa kila hatua iwapo msimamizi hakuagiza vinginevyo. Faili ikikua kutoka gigabaiti 1 hadi 11, hizo ni hatua zaidi ya 10,000, na kila hatua ina usumbufu wake. Faili ya kumbukumbu za miamala nayo iliongezwa kwa asilimia 10. Asilimia 10 ya megabaiti 100 ni kidogo. Ya gigabaiti 100 ni gigabaiti 10, ambazo sharti zijazwe sufuri kabla ya kutumika, huku waandishi wa data wakisubiri. Toleo la 2016 lilifanya hatua zote mbili kuwa megabaiti 64. Lakini hifadhidata iliyohamishwa kutoka toleo la awali huja na mipangilio yake ya zamani, jambo ambalo wengi hawalitambui.

Kikomo nacho kina mtego. Katika Oracle, msimamizi anaweza kuagiza faili isiwe na kikomo, akaenda zake kulala. Ghairi ya agizo hilo, faili ya kawaida yenye bloku za kilobaiti 8 haiwezi kuvuka takriban gigabaiti 32. Ikifika hapo, kosa lilelile hurudi, na dawa ni kuongeza faili nyingine. Kwa upande mwingine, diski ikiwa ndogo, faili moja isiyochungwa huweza kuimaliza yote na kuzinyima faili jirani. Aidha, kufuta safu hakupunguzi faili: nafasi huachwa wazi ndani yake, wala hairudi kwenye diski.

Msimamizi wa Oracle huweza kuchunguza haya yote katika mwoneko uitwao DBA_DATA_FILES, unaoonyesha ukubwa wa kila faili, iwapo ina ruhusa ya kupanuliwa, na kikomo chake. Asome kwa makini, maana hatua ya kuongeza hutajwa humo kwa idadi ya bloku: 1280 ni megabaiti 10 pale bloku ilipo kilobaiti 8. Kisha ajumlishe vikomo vya faili zote zinazokaa kwenye diski moja na kuvilinganisha na ukubwa wa diski hiyo, kwa kuwa mwoneko huo haujui diski imebakiza nafasi kiasi gani.