Fahamu: Jinsi mimea ya bustani inavyokingwa dhidi ya theluji na jalidi London
Jalidi huua mmea kwa kugandisha maji yaliyomo ndani yake: barafu hupasua seli, na jua likichomoza majani hulegea na kuwa meusi. Katika bustani za London, mimea ya vyungu ndiyo huathirika upesi, kwa kuwa mizizi yake haikingwi na ardhi. Vyungu husogezwa karibu na ukuta wa nyumba na kuzungushiwa gunia. Shina la mgomba hufungwa kwa nyasi kavu, na mizizi hufunikwa kwa matandazo. Theluji iliyolala ardhini huachwa, maana hewa iliyomo huzuia baridi. Iliyoelemea matawi hukung'utwa taratibu yasivunjike. Mimea ya tropiki huhitaji joto la ndani, kama katika jumba la vioo la mitende la bustani ya mimea ya Kew jijini humo, lililokamilika mwaka 1848.