Jiko Libaki Nje, Hata Kipupwe Kikibana

Akina mama wenzangu, anayepanda Newala kutoka Masasi mwezi wa Julai husahau sweta mara moja tu. Masasi iko chini, jioni yake ni ya khanga moja begani. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na ukingoni kule Shimo la Mungu upepo hauna wa kuuzuia.

Mwaka mmoja tulikuwa huko kwenye semina ya akina mama. Mwenzetu alileta jiko lake la gesi, lile la mtungi mdogo wa kilo 6, tukaweka wavu tuchome kuku nje. Moto ukalala upande, ukazimika, tukawasha tena. Saa nzima kuku mbichi! Bibi mmoja akasema gesi imeganda kwa baridi.

Haikuganda. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani hushindwa kugeuka mvuke baridi ikikaribia nyuzi sifuri, propani hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Newala haifiki huko. Adui yetu alikuwa upepo. Tulihamia upande wa ukuta uliokinga, moto ukasimama. Dada mmoja alitaka kuusogeza mtungi kwenye makaa upate joto. Nilimkemea bila haya. Mtungi haupashwi moto, wala hauzungushiwi mabati pande zote, kwa sababu gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Mpira upakwe povu la sabuni. Likitoa mapovu, funga mtungi.

Jua lilipozama wakasema, "Tuliingize jiko ndani, tuote na sisi." Hapo nilikataa kabisa, nikawasimulia niliyoyaona kazini.

Alfajiri moja ya kipupwe waliletwa mama mjamzito wa miezi saba na watoto wake wawili. Kichwa kikiwagonga, wanatapika, miguu haina nguvu. Majirani walisema malaria. Kipimo hakikuonyesha malaria, na wote watatu kuugua usiku mmoja kulinitia shaka. Nikamwuliza, "Mama, jana mlilala na jiko?" Walilala nalo, la mkaa, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia.

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Usidhani mkaa ukiacha kutoa moshi umekuwa salama. Jiko la gesi nalo, likiwaka chumba kisicho na hewa, laweza kutoa sumu hiyo hiyo.

Tuliwapa oksijeni. Tulitafuta mapigo ya moyo wa yule mtoto kwa muda mrefu, mama akinitazama usoni, hata tukayasikia.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, kisha hospitali upesi, hata akisema amepata nafuu. Na usiku wa baridi, wavalishe watoto soksi, walale pamoja chini ya blanketi moja. Mkaa uzimwe nje kabisa.

Kuku wetu aliiva saa mbili usiku. Tulimwingiza ndani kwenye hotipoti, jiko likabaki ukutani, na yule bibi wa gesi iliyoganda akaomba paja.