Ukimya wa Ndugu katika Ugomvi wa Ulezi Usukumani

Kwa Wasukuma wa Mwanza, suala la mtoto ni wa nani huamuliwa kwanza na ng'ombe. Kwa mila, mahari ikitolewa, watoto ni wa upande wa baba. Isipotolewa, hubaki kwa wajomba zao. Kwa hiyo ndugu wengi wanaonyamaza ulezi unapogombaniwa wana la kusema, ila zizi limewafunga mdomo. Mjomba aliyekula ng'ombe wa dada yake akidai wapwa, ataulizwa kama yuko tayari kurudisha ng'ombe hao. Na ng'ombe hao mara nyingi hawapo tena: wameshatolewa mahari ya mke wa kijana mwingine wa nyumba hiyo, hivyo kuwadai ni kutikisa ndoa ya pili.

Mialoni, wavuvi wanakotia nanga ziwani, mambo huwa magumu zaidi. Wavuvi wa dagaa na sangara huhamahama visiwani, na baadhi yao huishi na wanawake bila kutoa mahari. Baba akifa, ndugu zake hukaa kimya mpaka ijulikane mtumbwi na nyavu vitaangukia wapi. Huo si upole, ni hesabu.

Kwenye kikao cha ukoo cha kuamua ulezi, wazee ndio wasemaji. Kijana au mkamwana mwenye pingamizi humnong'oneza mzee mmoja pembeni, naye mzee akiona halifai, hulimeza. Hofu nayo ina sehemu yake. Mtoto akiugua baada ya ugomvi, aliyepinga waziwazi ndiye hutazamwa kwanza. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, shangazi mzee ana sababu nzito ya kunyamaza.

Mahakama, kinyume chake, hutaka watu waseme. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutanguliza ustawi wa mtoto, na huchukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 afadhali akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mila ni jambo mojawapo tu la kuzingatiwa. Uthibitisho huhitaji mashahidi, na ndugu aliyeitwa kumpinga kaka yake anajua kwamba kesi itakwisha lakini misiba ya ukoo haiishi, na kwenye msiba wake atawahitaji haohao. Hapo ndipo taarifa ya afisa ustawi wa jamii, inayotambuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapopata uzito. Akimhoji kila mmoja faraghani, shangazi aliyenyamaza kikaoni anaweza kumweleza ni nani hasa aliyekuwa akimlisha mtoto.